Karanga za Tusekile kwa Panya Wembamba

Saa moja asubuhi, baridi ya Mbeya haijaachia, na Tusekile Mwaijande anapima panya mmoja mmoja kwenye mizani. Wa kwanza, mnene, ana gramu 51. Anaandika, anamrudisha kizimbani, anachukua mwingine.

Mama huyu wa miaka 48 ni mtunza panya kwenye maabara ya chuo kimoja jijini humo. Panya ni arobaini. Ishirini wanalishwa mafuta mpaka wananenepa. Ishirini wanakula chakula cha kawaida, wawe wa kulinganishia.

Wanene wanachomwa dawa iliyofungwa ndani ya chembe ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Wataalamu wanaiita teknolojia ya nano. Chembe hizo zinatakiwa kufikisha dawa kwenye mafuta ya mwili na kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani unaoletwa na unene.

Tusekile mwenyewe ana kilo 102 na magoti yanamsumbua. Dawa hii anaifuatilia kuliko baadhi ya wanafunzi.

Ila mwaka jana nusura aivuruge yeye. Kwao Tukuyu, mfugo ukikonda anayesemwa ni mwenye nyumba. Wale wembamba wakamtia aibu, na kila jioni kabla ya kufunga mlango akawa anawapenyezea karanga.

“Nilijua wananyimwa,” anasema. “Nikasema hapa nilipo mimi, hapana.”

Wembamba wakaongezeka uzito. Wiki ya nane, damu yao nayo ikaonyesha uvimbe, na hakukuwa tena na wa kulinganisha naye. Lawama zikamwangukia Devotha, mwanafunzi anayeandaa chakula na dawa. Ilidhaniwa amechanganya vyakula vya makundi mawili, na ikapangwa aondolewe kwenye utafiti.

Siku mbili Tusekile aliendelea kupima panya kama kawaida. Ya tatu akabisha hodi kwa Dk. Ezekiel, kiongozi wa utafiti.

“Dokta, Devotha msimwonee. Karanga nilikuwa nawapa mimi.”

Alitegemea kufukuzwa. Akapewa barua ya onyo, na kazi ikaanza upya na panya wapya. Devotha, aliyekuwa ahitimu Novemba iliyopita, amepoteza mwaka mzima. Bado anamwamkia Tusekile kila asubuhi, lakini chai waliyokuwa wakinywa pamoja saa nne imekufa. Tusekile halaumu mtu, ingawa inamuuma.

Majibu ya awamu hii yanatarajiwa Agosti.

“Naomba dawa ifanye kazi, hata kama magoti yangu hayataiwahi,” anasema. “Devotha amalize. Akinialika kwenye mahafali yake nitaenda. Asiponialika, nitaelewa.”