Risaga Bila Jembe

Mokami wa kijiji cha Kisaka alikuwa na shamba la ulezi lililosongwa na magugu, na mwanamke mwingine yeyote angeshukuru kufikiwa na zamu ya risaga, ule utaratibu wa majirani kupaliliana mashamba. Lakini akina mama walipofika kwake asubuhi, aliwaambia waweke majembe chini.

Binti yake Waisiko ana kifafa. Vidonge vya kila siku vilimpunguzia sana, ila mara mojamoja huanguka na mwili ukatetemeka mfululizo, usitulie. Kwa hali hiyo muuguzi alimpa Mokami kichupa cha dawa ya kupulizia puani na kumfundisha kukitumia. Shida ni kwamba Mokami hawezi kushinda na mtoto saa zote, na wengine wote humkimbia. Pale kwao mtu akianguka, watu husimama mbali wakiogopa povu la mdomoni, eti likikugusa tu umeupata ugonjwa. Hata mama mkwe wake, Gati, anayempenda mjukuu kupita kiasi, huishia kulia kasimama mlangoni. Jambo hilo lilimuuma Mokami kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi akajilaza chini uani, akamwambia jirani yake Elieth amgeuze ubavu, asimtie kijiko wala chochote mdomoni, kisha ambonyezee puani kichupa kilichokwisha dawa. Wenzake wakacheka, wakaona kichaa kimempanda. Hakujali. Aliwapitisha mmoja mmoja mpaka mikono yao ikazoea. Gati alikataa katakata kusogea. Alibaki jikoni akikoroga uji wa wageni na kuwachungulia. Jioni watu walirudi kwao, magugu yakiwa palepale.

Wiki iliyofuata Mokami alikwenda mjini Mugumu kuchukua vidonge. Aliporudi aliona watu wamejaa uani kwake, akautupa mzigo na kukimbia. Waisiko alikuwa amelala ubavu, anapumua vizuri, kichwa kikiwa mapajani mwa bibi yake. Elieth alimweleza kwamba walisikia mayowe wakaja mbio, wakamkuta bibi ameshampulizia dawa.

Mokami alipiga magoti, machozi yakimtoka. "Mama, povu halikukugusa?"

"Limenigusa, limeshakauka," Gati akasema bila kuinua macho. "Njoo unipokee mtoto, miguu imeniingia ganzi."