Chizuru na samoni waliokatwa pezi

Saa moja na nusu asubuhi, Chizuru Iwama anaingia mtoni na buti zake za mpira zinazofika kifuani. Anainua mtego, anamshika samoni wa kwanza na kumpapasa mgongo karibu na mkia. Anatafuta mahali palipokatwa pezi dogo. Hapana kovu. Anavuta pumzi, anamshika wa pili.

Chizuru, 53, ni kibarua wa kituo cha kutotolesha samaki cha Mto Orisawa, pwani ya Iwate, kaskazini mwa Japani. Hulipwa yen 9,000 kwa siku. Vifaranga hufunguliwa kwenda baharini kila majira ya kuchipua, na baada ya miaka minne hurudi mto uleule kutaga. Kituo kinahitaji majike mia tatu. Novemba inakatika, wamerudi sitini na mmoja.

Waliokatwa pezi, alama wanayowekewa wakiwa vifaranga, ni wa bwawa lake, lililo kubwa kuliko yote. Wamerudi wawili tu.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za Chizuru ni miaka minne.

Miaka minne iliyopita, msimamizi wa kituo, mzee Toshizo Oikawa, alikuwa kwenye msiba wa mkewe. Aliacha neno moja, kwamba vifaranga wafunguliwe Alhamisi, bahari ikishapata joto. Jumapili, siku nne kabla, pampu ya maji ya bwawa ikazimika, vifaranga wakaanza kutweta juu ya maji. Chizuru akaona haya kumsumbua mfiwa. Akafungua lango.

“Bahari ilikuwa baridi kama barafu,” ananiambia. “Mzee aliporudi akauliza, nikamjibu, ‘Alhamisi, kama ulivyosema.’ Mdomo ulitangulia, mimi nikabaki nyuma.”

Msimu huu wote mzee anailaumu Alhamisi yake. Jumamosi wanachama wa ushirika watakaa kuamua kama kituo kifungwe, naye ameshatangaza kwamba atasimama aseme uzee wake ndio uliowaua samaki, kisha aache kazi. Chizuru halali. Anaogopa kufukuzwa. Anaogopa zaidi kumtazama mzee yule akijitwika kosa lisilo lake.

Asubuhi hii mtego umetoa samaki saba, wote wana mapezi yao. Mzee Oikawa anasogea na rungu lake la kuulia samaki, anawatazama, anacheka kwa uchungu.

“Unaona, mama? Alhamisi yangu hiyo.”

“Haikuwa Alhamisi, mzee.” Sauti ya Chizuru haisikiki vizuri, maji yanapiga kelele. Anarudia. “Niliwafungulia Jumapili. Pampu ilizimika, nikaogopa. Kisha nikakudanganya.”

Mzee anaketi juu ya ndoo.

“Miaka minne, mama. Kila siku tunakunywa chai pamoja.”

“Ndiyo, mzee.”

“Jumamosi utasema wewe.” Anainuka na kurudi kwenye kazi yake. Hamtazami Chizuru tena hadi tunapoagana.

Chizuru atasema. Amejiandaa kufukuzwa, lakini atawaomba wanachama jambo moja tu, kituo kisifungwe.

“Vifaranga wa mwaka huu niliwafungulia siku ileile aliyosema mzee,” anasema, akijifuta macho kwa mkono uliolowa. “Wako baharini sasa. Hawana habari na uongo wangu. Naomba wakirudi wamkute mtu hapa.”