Michikichi ya Siriaki

Mjukuu wangu Goreti, kuna siku moja ninayoikumbuka kwa harufu yake. Ulikuwa mwaka wa uhuru, hapa hapa nyumbani, juu ya Rumonge, na mawese yalikuwa yanachemka kwenye pipa nje. Mimi ndiye msichana wa kukoroga, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Baba yangu alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anawaambia watu kwamba kaka yangu Siriaki amepata nafasi lise, shule ya sekondari kule Bujumbura, na kwamba mapadri wamesema kichwa chake ni cha hesabu. Basi atasoma hesabu mpaka ziishe.

Watu walicheka, na baba akacheka nao. Kisha akainuka na panga, akaenda kwenye shamba la upande wa ziwa, akachagua michikichi mizuri, akaitia alama kwenye shina. "Hii ni ya minervali ya Siriaki," akasema. Minervali ndiyo ile pesa ya shule. Kwetu ilikuwa hivyo: mtoto anayekwenda shule anapewa miti yake, na mafuta ya miti hiyo hayaingii kwenye chungu cha mtu mwingine, hata njaa ikiingia nyumbani.

Jirani yetu mzee Ramadhani, mwenye mitumbwi, ambaye babu yake alitoka Ujiji, alikuwa amekuja kununua mafuta. Akatikisa kichwa.

"Hesabu gani tena, Baba Siriaki? Samaki yangu, pesa yako, kwisha. Hiyo nimefundisha watoto yangu yote, na hakuna aliyelipa."

"Iko ingine kubwa," baba akamjibu.

"Hiyo kubwa inakuliwa na bugali ao na mihogo?"

Mimi ulimi wangu unaujua. Nikadakia pale pale: "Kweli, baba, hizo hesabu zitaleta nini? Si afadhali anunuliwe mtumbwi?"

Shangazi Veronika, dada mkubwa wa baba, alikuwa anaengua povu. Alinipiga mkononi na mwiko wake wa moto. Alama yake umeishika mara nyingi ukiwa mdogo, ukiniuliza ni ya nini.

"Funga kinywa," akaniambia. "Mutoto si debe ya mafuta umuulizie bei. Muangalie uso wakati iko na hiyo hesabu yake, kisha uje uniambie umeona nini."

Nikamwangalia kwa hasira, machozi yananitoka. Siriaki alikuwa kizingitini, hajasikia hata neno moja tulilosema, anachora na mkaa kwenye ubao wa mlango. Alikuwa na uso wa mtu anayeitwa kwa mbali na mtu anayempenda. Nilirudi kukoroga.

Miti ilimsomesha lise yote, ikamfikisha inivesite, chuo kikuu. Kila konje, kila likizo, alirudi na suruali ile ile na kichwa kimejaa zaidi. Konje ya Pasaka ya mwaka wa sabini na mbili alinishika mkono tukashuka mpaka ufukweni, mimi nikiwa mwanamke tayari, mahari yangu inazungumzwa. Siku hiyo milima ya Kongo ng'ambo ilionekana vizuri, na kwenye mlima mmoja palikuwa na kovu jeupe, pale ardhi ilipoporomoka.

"Nitakuambia ziwa hili ni pana kiasi gani," akasema, "na hatutalowesha mguu."

"Umekuwa mchawi?"

"Shika fimbo, dada. Ielekeze kwenye lile kovu."

Akanieleza, na akaeleza kwa maneno ambayo hata mimi wa darasa la pili nilishika. Unaielekeza fimbo kutoka hapa Rumonge. Kisha unakwenda mbali kufuata ufuko, mpaka Kigwena, unaielekeza tena kwenye kovu lile lile. Fimbo itakuwa imegeuka. Ukijua imegeuka kiasi gani, na Kigwena ni mbali kiasi gani, ziwa lenyewe linakuambia upana wake. Nikamwambia ananidanganya. Akacheka, akachora mchangani, akafuta, akachora tena. Kesho yake tulitaka kwenda Kigwena, lakini ukungu ulishuka ukaifunika Kongo, na haukuinuka mpaka konje ikaisha. "Konje kubwa tutamaliza," akasema, akapanda gari la samaki la kwenda Bujumbura.

Ikiza, yale mauaji makubwa, kikaja kabla ya konje kubwa. Hilo ndilo jina tunalouita mwaka ule, na mambo yake sitakuandikia, uliyoyasikia yanatosha. Nitakuambia hili tu. Aliyetuvusha kwenda Kongo, mimi na baba na mama na shangazi, ni mzee Ramadhani, katika mtumbwi wake, asubuhi ya ukungu, na alikataa pesa. Katikati ya maji, pande zote hazionekani, baba akasema: "Siriaki angejua tumebakiza kiasi gani." Mzee Ramadhani hakufanya mzaha. Alisema tu, "Angejua," akaendelea kupiga kasia.

Kule ng'ambo nilikuwa ninakaa ninaangalia Rumonge. Nilikuwa nimekaa upande wa kovu jeupe, Goreti. Nilikuwa ninawaza kwamba akija ufukweni na fimbo yake, ataielekeza kwangu.

Tuliporudi, mwenzake mmoja aliyepona alikuja akatuambia. Mwalimu alikuwa ubaoni. Watu waliingia darasani, wakasoma majina, la Siriaki likiwemo. Alifunika kalamu yake, akaiweka mfukoni, akatoka. Ni hayo tu. Kaburi hatuna.

Mama yangu alikataza mtu kuikwea ile michikichi kukata mikungu. "Ni ya minervali," alisema, "na mwenyewe hajamaliza." Majirani waliona ni wazimu, mafuta yote yale yanaoza chini, wekundu mtupu, nyani wanakula wanashiba. Mama alipokufa niliendelea mimi. Waume wa watu wametaka kuinunua, baba yako ametaka kuikata. Nimekataa wote, na siombi msamaha.

Sasa wewe umeshinda eta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, umesema unataka hesabu, na Jumapili umeona mkutano. Baba yako mkubwa Onesfo alisema maneno yake: mwalimu wa hesabu anaendesha baiskeli, mwenye motori ya boti anaendesha gari, asome biashara, ao uuguzi, kitu chenye mshahara. Wote wakageuka kuniangalia. Nikanyamaza, na nyinyi mkadhani nimezeeka. Nilikuwa ninasikia mwiko wa shangazi.

Ninakujibu hapa, ili usije ukasema bibi alikupamba kwa uongo. Onesfo hakukosea. Niliuliza mwenyewe mwalimu wako, akanionyesha viatu vyake, nikaelewa. Huenda diploma hiyo ikakupeleka benki, huenda ikakupeleka mbele ya watoto sitini na chaki moja, huenda ikakurudisha hapa kukoroga mafuta pamoja nami. Siriaki alisomeshwa na miti yote ile, na kwa pesa haikurudi hata faranga moja. Anayekuambia kisomo ni akiba isiyopotea, mwambie aje azungumze na mimi.

Lakini juzi nilikuchungulia jikoni. Wali ulikuwa unaungua, harufu imefika barabarani, na wewe umeinamia karatasi. Ule uso ninaujua. Niliuona kizingitini nikiwa na machozi, na tangu mwaka sabini na mbili ninautafuta kwa kila mtoto anayezaliwa nyumba hii. Nilikaribia kukuita kwa jina lake.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ulizia pesa, usione aibu kuulizia, mtu mwenye njaa hasomi. Ila usiiulizie kwanza. Kwanza jiangalie unapokuwa peke yako na kitu hicho, kama kinakuita kweli au unawaonyesha watu. Kikikuita, nenda, na ufundishe wadogo jioni, na likizo uje tukamue mafuta, ili usidharaulike kwa sabuni na nauli. Kikilipa, pokea na ucheke mbele ya Onesfo. Kisipolipa, usirudi kutulaumu, utakuwa ulikwenda na macho yako. Na jambo moja zaidi, la mwisho: usisome kwa ajili ya Siriaki. Yeye alikuwa mtu mmoja na wewe ni mwingine. Sikutumi ukamalizie maisha ya mtu.

Kuhusu minervali, nimewaita watu wa kukwea na kukata mikungu. Kesho wanakuja na mapanga. Ile michikichi ya baba imerefuka mno, imezeeka, haizai kitu cha maana. Lakini matunda yaliyoanguka miaka yote ile yaliota chini yake, hakuna aliyepanda wala kupalilia, na sasa ni shamba zima, mikungu imeiva mpaka inachuruzika. Nimekwenda leo na kisu, nimeitia alama yako.

Na ukishajifunza, kama utakuwa na nafasi, kama hutaona ni upuuzi wa mwanamke mzee, twende Kigwena. Watu wamenitajia upana wa ziwa mara nyingi, wanasema umeandikwa. Ninaziba masikio. Ninataka kuambiwa na mtu wa nyumbani, mwenye fimbo mkononi.

Mungu akutangulie Bujumbura na akurudishe kwa miguu yako mwenyewe. Akupe walimu wanaomaliza somo lao. Na siku tutakayosimama Kigwena, mimi na magoti yangu haya, auinue ukungu, Kongo ionekane.