Mshairi Asiyetuma Wazee

Juzi, ndani ya basi la kutoka Amherst, mama mmoja Mkongo aliniuliza ninasoma nini. Nikamwambia ni maisha ya mshairi wa Kiingereza aliyeoa mara tatu. Mke wa kwanza alipokimbilia kwao, yeye alikaa akiandika vitabu vya kutetea talaka.

"Donc, kwa hiyo hakutuma hata wazee kumufata bibi yake?"

"Mke alibaki kwao, mama; yeye aliandika tu."

Akamgeukia mpwa wake, aliyekuwa akichapa ujumbe kwenye simu. "Unasikia? Bibi yako iko Riverside kwa mama yake, na wewe uko na meseji!"

Kijana akaizima simu. Tulipokaribia Riverside, akavuta kamba ya kengele.

"Tantine, tushuke wote."

Mimi hata kosa dogo la habari hunikosesha usingizi, lakini sikuwaambia kwamba yule mke hatimaye alirudi mwenyewe.