Mfuniko wa Maziwa Juu ya Kamio

Niliolewa siku ya Jumanne, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu. Kwamba niliolewa siku ile, na si baada ya Pasaka, namshukuru Mungu kwanza, kisha naushukuru mfuniko wa maziwa.

Wakati ule, miaka ya hamsini, padri wetu wa Goma hakufungisha ndoa ndani ya Kwaresima, na misa haikusomwa baada ya adhuhuri. Alikuwa amemwambia mchumba wangu waziwazi: "Nitawangoja mpaka kengele ya saa sita. Ikilia, nafunga kanisa, tutaonana Pasaka." Mchumba wangu alikuwa amekwisha kuningoja miaka miwili. Mimi pia nilikuwa nimemngoja, ingawa msichana hakutakiwa kusema jambo kama hilo mbele ya watu.

Kwetu ni upande wa Rutshuru, watu wa ng'ombe na mtama. Mchumba wangu alifanya kazi Goma, kwenye ghala la kahawa, na mwenye ghala alikuwa mtu mwema: alimpa kamio yake mpya, lori la kubebea kahawa, ije kunichukua mimi na ndugu zangu. Kamio ile ilikuwa kubwa kuliko nyumba ya baba yangu. Kando ya kabini, karibu kabisa na dirisha langu, ulisimama mrija mnene wa chuma, mdomo wake ukitazama mbinguni.

"Hapa ndipo inapumulia," shofere aliyeiendesha alimwambia baba yangu kabla hatujaondoka. Alikuwa kijana wa Goma mwenye maneno mengi, na kamio ile aliipenda kama mtoto wake. "Ndani kuna turbo, papa. Ni kama feni ndogo ya chuma, inazunguka mbio kuliko jicho yako, inavuta hewa kwa nguvu. Lakini haipendi maji. Mvua ikiingia humu, motere inakufa, na mimi patron wa ghala ananifukuza."

Mrija ulikuwa na kofia yake ya bati. Tulipopita msituni, tawi la mti likaing'oa, ikaangukia bondeni. Shofere alisimamisha kamio, akatazama bonde, akatazama mbingu, akasema, "Bwana, leo usilete mvua." Shangazi yangu, aliyekaa kati yetu na rozari mkononi, akajibu, "Amina."

Mimi sikusema kitu. Desturi yetu ilikuwa hivi: bibi arusi akitoka kwa baba yake anafunikwa kitambaa kichwani, na hafungui kinywa, isipokuwa kumjibu padri kanisani, mpaka mama mkwe amwulize neno la kwanza ndani ya nyumba yake. Nilikaa chini ya kitambaa kile tangu alfajiri, bila kula kwa sababu ya komunyo, na mapajani nimepakata maziwa ya ng'ombe wa baba yangu ndani ya chombo cha mti. Juu yake kulikuwa na mfuniko, ule tunaouita mutemeri, uliosukwa kwa nyasi nyembamba na kuchongoka juu. Nilikuwa nimeusuka mwenyewe, miezi miwili. Ndio mama mkwe angeutazama kwanza, kabla hajatazama uso wangu.

Chini ya kitambaa kulikuwa na joto. Pumzi yangu ilinirudia usoni, na mara mbili nilihisi kichwa kinazunguka. Shangazi aliliona hilo. Akainua upindo kidogo upande wa dirisha, akaninong'oneza, "Pumua, mama, lakini usitazame watu." Basi nikawa napumua kwa pale, na kupitia pale niliona mrija.

Mvua ilitukuta Kibati, na ilikuwa mvua kweli, ile inayotoka mlima Nyiragongo bila salamu. Shofere alizima motere, akaruka chini, akakimbia kwenye nyumba za kando ya barabara kutafuta bati au kopo lolote la kufunika mrija. Nyuma walikaa baba zangu wadogo wawili, chini ya turubai pamoja na ndugu wengine. Wote wawili ni wachungaji wa ng'ombe, na mchungaji hawezi kuona chombo kimeachwa wazi mvuani. Nikaona mikono ya mkubwa wao ikitokea juu ya kabini. Akaweka jani la mgomba juu ya mdomo wa mrija, akaweka la pili, akazungushia kamba ya ngozi, akakaza kwa meno. Alifunga vizuri sana. Hata nzi asingepita.

Shofere akarudi mikono mitupu, ameinamisha kichwa kwa mvua, hakutazama juu. Akawasha. Kamio ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Akawasha tena. Ikatetemeka yote, ikazimika.

"Yesu na Maria," alisema. "Imekunywa maji." Akashuka, akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akaingiza kichwa. Tulimsikia akisema peke yake: "Kauka, mama. Kauka, nakuomba. Nitakununulia mafuta mazuri." Saa yake ilikuwa imebaki imening'inia kwenye usukani. Ilikuwa inakaribia saa tano.

Kwamba kamio imekosa hewa tu, hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Baba yangu mdogo aliamini kwamba ameiokoa kamio. Shofere aliamini kwamba ameiua. Na mimi nilijua, kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa nimefunikwa kama mrija ule, ila mimi nilikuwa nimeinuliwa upindo.

Nilimfinya shangazi.

"Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Unataka kutapika? Ni njaa hiyo. Sali."

Nikamfinya tena, kwa kucha safari hii, nikanyoosha kidole juu, nje ya dirisha. Shangazi akatoa kichwa mvuani, akatazama, akapiga ukelele uliosikika pengine mpaka Rutshuru.

"Shofere! Ile majani ni ya nini?"

Shofere akapanda juu ya gurudumu. Akaipapasa kamba. Kisha: "Ni nani alifunga hii?"

"Ni mimi," baba yangu mdogo alijibu kwa furaha chini ya turubai. "Usinishukuru."

"Muzee! Umeziba pua yake!"

"Nimezuia mvua."

"Na hewa je? Hii haiko kibuyu, muzee, ni pua!"

"Kama ni pua, mbona inatazama juu? Ng'ombe gani ana pua ya kutazama mbingu?"

Watu wakacheka nyuma, na shofere naye, Mungu ambariki, akacheka huku maji yakimtiririka shingoni. Akakata kamba, akatupa majani, akaufunika mdomo wa mrija kwa kofia yake mwenyewe akiishikilia kwa mkono. Lakini shida ilikuwa palepale. Ukiziba, motere inakosa hewa. Ukiacha wazi, inakunywa maji. Na mvua haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Nahitaji kitu kama paa," alisema. "Kikae juu bila kugusa, hewa ipite chini yake. Kitu cha kuchongoka, maji yateleze."

Nilitazama mapajani mwangu.

Namwambia msomaji ukweli: nilisitasita. Miezi miwili ya vidole vyangu ilikuwa pale. Kisha nikaona saa kwenye usukani, nikamfikiria mtu aliyesimama mlangoni pa kanisa na viatu vipya. Nikautoa mfuniko, nikauweka juu ya rozari ya shangazi.

"Hapana," alisema shangazi. "Mfuniko ya maziwa haiwekwi hata chini, we mutoto. Nitaiweka kwa kamio?"

Nilinyamaza, kama desturi ilivyotaka. Siku ile niligundua kwamba ukimya wa bibi arusi ni silaha kali.

Shangazi alipiga ishara ya msalaba. "Mungu atatusamehe," akasema. "Mama mkwe wako, sijui." Akampa shofere mfuniko kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka, halafu akavua kilemba chake akafunika maziwa.

Baba yangu mdogo, yuleyule wa majani, ndiye aliyepanda juu. Alifunga vijiti vitatu kuzunguka mrija kwa kamba yake ya ngozi, vikipita mdomo kwa urefu wa kidole, na shofere akatoboa mfuniko sehemu tatu akaushikiza kwa waya. Ukakaa. Mvua ikaupiga, ikateleza pembeni. Shofere akawasha. Kamio ikakohoa mara moja, ikavuta pumzi ndefu, ikanguruma. Nyuma wanawake walipiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti chini ya kitambaa.

Tuliteremka Goma tukiwa na kofia iliyochongoka, watu wakitoka chini ya mabaraza kututazama. Padri alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Mpiga kengele, mzee mwenye mguu mbovu, alikuwa amekwisha kushika kamba. Alituambia baadaye kwamba aliiona kamio kutoka mbali, akaona kile kitu juu yake, akashangaa mpaka akasahau kuvuta. Tulikwisha kuvuka mlango wa kanisa ndipo kengele ikalia, na padri akasema tu, "Haya, upesi."

Jioni, nyumbani kwa mume wangu kule Keshero, mama mkwe alikaa kwenye mkeka, nikampelekea maziwa kwa mikono miwili. Alitazama kilemba. Shangazi akaanza kutazama paa.

"Mwanangu," aliniuliza, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza, "mfuniko wako uko wapi?"

Kwa hiyo maneno yangu ya kwanza katika ndoa, ingawa nilikuwa nimeandaa mengine kabisa, yalikuwa haya: "Uko juu ya kamio, mama."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanywa maziwa, akasema yana utamu.

Kesho yake, watu walipopanga mstari kupokea majivu, shofere alikuwa mbele yetu, mfuniko kwapani. Alikuwa ameuosha kwa sabuni. Ulibaki na matundu matatu na harufu ya dizeli, na haukufunika maziwa tena. Mama mkwe aliutundika ukutani, mahali ambapo mgeni akiingia atauona tu, na kila aliyeuliza alisimuliwa yote tangu mwanzo, naye mama mkwe akimwigiza baba yangu mdogo kwa sauti ileile ya furaha: "Usinishukuru."