Msasi Aulizwa Mwenendo wa Mkwewe

Kila akirudi kuwinda nguruwe, msasi hukaa jamvini akaipangusa bunduki yake taratibu, kama mtu anayemkausha mtoto mchanga, kisha risasi akazifungia sanduku jingine. Vijana wa Muyuni humtania: “Mzee wetu, unalinda benki?” Naye hujibu kwa sauti yake ya chinichini: “Mimi polisi waliniulizia kijiji kizima ndio wakanipa kibali. Na bora wangeuliza zaidi. Mtu wa hasira hapewi chuma hiki.” Bintiye, Sichana, ameyasikia hayo tangu mdogo.

Juzi mumewe Sichana naye akaomba kibali cha bunduki, na askari akaja kwa msasi kumuulizia. Sichana alikuwa nyuma ya pazia, jicho limemvimba kwa ngumi ya mumewe. Babaake alikuwa ameshaliona tangu asubuhi.

“Mkweo hana hasira? Hapigi watu?”

Msasi alikizungusha kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa.

“Mtu mwema,” alisema mwishowe. “Hatumjui kwa ubaya.”

Askari akaandika. Msasi akaita bila ya kugeuka: “Mwanangu, jitande mtandio vizuri, uje umtilie bwana kahawa.”