Peris Hakushuka na Mazulia

Peris Jerop alikuwa mtu mpole na mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo mtu akisikia kwamba kulitokea ugomvi katika safari ile ya milimani atadhani niliuanzisha mimi. Si mimi. Mimi nilishika usukani tu, na mdomo niliufunga kwa sababu Peris mwenyewe aliniomba niufunge.

Tulifanya kazi nyumba moja Riyadh, yeye ndani, mimi dereva. Ilikuwa mwaka 2015, wakati ambapo kila mtaa Kenya ulikuwa na mtu aliyekwenda Saudia au aliyekuwa akingoja viza. Peris alitoka Elgeyo, akamwacha binti yake kwa mama, akaja. Wenzake wengi aliosafiri nao waliangukia kwenye nyumba ambazo hata kuomba maji ya kunywa ilibidi waombe kwa vidole. Yeye alipofunguliwa mlango akakuta bibi mmoja mnene, mweupe wa nywele, anamwambia, "Karibu, mwanangu. Umesafiri salama?" Aliniambia alilia pale pale mlangoni.

Bibi huyo ni Bi Wahida. Alitoka Unguja na wazazi wake mwaka 1964, akiwa msichana mdogo, wakafikia Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, na ukoo wao umejaa huko hadi leo. Uraia walipata, Kiarabu wakakijua, lakini Kiswahili hawakukiacha. Mwanawe Mazin, bosi wetu, alihamia Riyadh kwa ajili ya kazi ya ofisi huko Olaya, na Kiswahili kikahamia naye. Mkewe, Amal, naye asili yake ni Unguja. Basi kila siku Peris akawa anaambiwa, "Wewe si mtumishi, wewe mwenzetu." Akiosha vyombo, mwenzetu. Akiamshwa kumtengenezea mgeni chai, mwenzetu. Neno tamu, halina gharama.

Kiangazi kilipofika Mazin akaamua kwamba mwaka ule hawaendi Jeddah kwa ndege. Watapita barabarani, wapande milima ya Taif, walale juu kwenye baridi, kisha washuke Hada, ile akaba inayojipinda kwenye ubavu wa mlima hadi bondeni. Akaba ndivyo wanavyoita barabara ya aina hiyo, na ukiiona kutoka juu utaelewa kwa nini wanaitungia habari. Kwa wiki nzima hapakuwa na mazungumzo mengine mezani. Bi Wahida alitaka kusimama panapouzwa komamanga. Amal alitaka kupiga picha mawingu yakiwa chini yake. Salwa, binti yao wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake walitaka kuona nyani, na telefrik, yale mabehewa madogo ya kwenye waya yanayoshuka kutoka kilele cha Hada mpaka chini. Mimi niliulizwa juu ya breki na matairi.

Peris aliulizwa juu ya chakula. Penye komamanga pawe na chai ya maziwa na mandazi. Penye mawingu iwe kahawa na tende. Chini ya mlima wali wa nyama, na uwe bado moto. Kwa ufupi ni kwamba katika safari ile wao walipanga macho yao, na mikono ya Peris ikapangiwa kazi.

Siku moja kabla ya kuondoka Mazin akaniambia ning'oe viti viwili vya nyuma vya jimsi, lile gari lao kubwa, ili mizigo ipate nafasi. Nikahesabu watu kichwani.

"Bosi, sasa Peris atakaa wapi?"

"Nyuma huko, na vitu. Tumemtandikia zulia, atakaa vizuri kuliko sisi. Na tena lazima pawe na mtu wa kushika masufuria. Kwenye kona zile yatamwagika yote."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Mtu mzima, mama wa mtoto, anawekwa kwenye buti bila kiti wala mkanda, na kazi yake iwe kuzuia sufuria la wali lisiumie! Nilitaka kumjibu na jibu nilikuwa nalo, lakini Peris alikuwa nyuma yangu na beseni la nguo, amesikia kila neno. Akanivuta pembeni.

"Josphat, wacha. Ukifukuzwa itanisaidia nini?"

Ndipo aliponieleza habari za kaka yake. Kwao barabara ya kuteremka bondeni nayo ni kona juu ya kona. Kaka yake alikuwa amelipa nauli akakalishwa juu ya magunia ya mahindi nyuma ya lori, breki zikakataa. Waliokuwa mbele na dereva walitoka na michubuko. Yeye walimtoa chini ya magunia.

"Highway ni flat," Peris akasema. "Mpaka Taif nitavumilia. Lakini huo mlima, Josphat, mimi siushuki nikiwa nyuma na mizigo. Siushuki."

Kwanza alijaribu kwa heshima. Jioni ile alimwendea Bi Wahida chumbani, nami nilikuwa koridoni nikitoa masanduku. Akamsimulia habari za kaka yake, akamwomba amsemee kwa mwanawe. Bi Wahida akamshika mkono.

"Pole, mwanangu, Mungu amrehemu. Lakini we mwenzetu, au siyo? Mgeni ndo wa kupewa kiti. Mtu wa nyumbani hukaa popote."

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi na bado linanichoma. Mtu anakunyima haki yako, kisha anataka umshukuru kwa kukufanya ndugu.

Tulitoka Riyadh baada ya sala ya alfajiri. Kutwa nzima jangwani, na kila nilipotazama kioo cha ndani niliona kichwa cha Peris kikiyumba baina ya sanduku la barafu na mito. Kila tuliposimama alitoka akichechemea, miguu imekufa ganzi, akawasha jiko, akapakua, akaosha, akarudi ndani kinyumenyume kama anayeingia shimoni. Watoto wakamwonea huruma, wakampa biskuti. Usiku tukalala Taif, na asubuhi baada ya chai tukafika kwenye kilele cha Hada.

Sitaki kusema uongo, ni pazuri. Upepo wa baridi, nyani juu ya ukuta, na barabara iko chini kule inapinda na kupinda mpaka magari yanakuwa kama siafu. Amal akapiga picha zake. Bi Wahida akasema subhanallah. Peris akapakua kahawa na tende, akakusanya vikombe, akavisuuza, akavipanga ndani ya kikapu, akakiweka kikapu garini. Kisha akafunga mlango wa nyuma kwa nje.

"Yalla, Peris, ingia," Mazin akamwambia.

"Bosi, mimi nitashuka na ile." Akaonyesha telefrik. "Tiketi nitajilipia. Nitawangoja pale chini inapofikia."

"Na vitu nani atashika?"

Hilo ndilo alilouliza. Hakuuliza kama anaumwa, wala kama anaogopa.

Peris akafikiri kidogo. "Salwa ni mkubwa," akasema. "Akae yeye nyuma, ashike."

"Salwa?" Amal akadakia kabla mumewe hajafungua mdomo. "Kwenye kona zile? Una wazimu wewe? Gari likifunga breki ghafla je, si atavunjika shingo mtoto wangu?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nadhani Amal mwenyewe alilisikia alilolisema, maana aliziba mdomo kwa ncha ya shela.

"Ndiyo hivyo, madam," Peris akasema, na sauti hakuipandisha. "Hata mimi ni mtoto wa mtu."

Mazin alikuwa amewiva uso. Watu wa magari mengine walianza kutazama. "Peris, mimi ndiye kafili wako. Unaelewa? Neno langu moja tu, unarudi kwenu."

Na ni kweli, maana kafili ndiye mdhamini wako kisheria. Ikama yake, yaani kibali cha kuishi, pasi yake, mshahara wa kusomesha binti yake, vyote vilikuwa katika mkono ule ule ulioshika funguo za gari. Peris alijua kuliko mimi.

"Naelewa, bosi. Passport yangu uko nayo, siwezi kwenda mahali. Nitakuwa pale chini. Usiponikuta, piga ripoti."

Mazin akanigeukia. "Josphat, mwambie huyu mwenzako."

Sasa amekuwa mwenzangu mimi!

"Ameshajisemea, bosi," nikajibu, nikaingia garini.

Peris akaenda. Tulimwona akipanga foleni na familia za watu, begi lake dogo kifuani, akaingia kwenye behewa na mama mmoja na watoto wake, mlango ukafungwa, wakaning'inia angani. Bi Wahida alitazama mpaka behewa likapotea nyuma ya jabali.

Tukashuka bila mtu wa kushika. Nilikwenda pole pole, lakini kona ni kona. Kwenye ya tatu sufuria la wali likapinduka. Kwenye nyingine sanduku la barafu likateleza likabamiza mlango wa nyuma kwa kishindo, pale pale ambapo Peris angekuwa ameegemea. Hakuna aliyetazama mandhari. Wote walikuwa wamegeuza shingo nyuma, na hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Chini tulimkuta amekaa kivulini. Mazin akasema, "Haya, twende." Peris akasimama kando ya gari, akangoja. Bi Wahida akampakata mjukuu mdogo, akasogea, na Peris akakaa kwenye kiti cha katikati, akafunga mkanda. Tukafuata njia ya wasio Waislamu inayozunguka Makka, kwa ajili yetu sisi wawili, tukaingia Jeddah.

Ungedhani yameishia hapo, kwamba mtu akiaibika hunyamaza. Jioni ile nyumba ya Al-Baghdadiyah ilijaa ndugu, wajomba na mashangazi, wote wakitaka habari za safari. Mimi nilikuwa mlangoni naingiza mazulia. Mazin akasimulia mawingu, akasimulia nyani, akasimulia baridi ya Taif, kisha akamwona Peris akipita na birika la kahawa, akacheka.

"Hata Peris wetu huyu tulimpandisha telefrik. Maskini, kwao hajapata kuona kitu kama kile. Basi kafurahi huyo!"

Ndugu wakacheka, wakamwambia Peris hongera. Katika nyumba yoyote nyingine ya nchi ile hapo ndipo pangekuwa mwisho wake, maana angejibu kwa lugha gani? Peris alimaliza kumimina kikombe alichokuwa anamimina.

"Nilijilipia mwenyewe, bosi," akasema. "Kwenye gari sikuwa na kiti."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Shangazi yake Mazin, bibi mzee kuliko wote mle ndani, akaweka kikombe chini, akamgeukia Bi Wahida.

"Wahida," akauliza, "mtoto wa watu mlimkalisha wapi?"